Kunyonyesha, kutembea, kuacha pombe au majani ya mstafeli: kipi hasa kinapunguza hatari ya saratani ya matiti?

Jirani akikatwa titi, wanawake wa mtaa mzima hujiuliza jambo moja: nifanye nini yasinifike? Majibu hayakosekani. Kundi la WhatsApp la ukoo linaleta majani ya mstafeli. Muuza dawa asilia sokoni ana chupa za habasoda na unga wa mlonge. Nesi wa kliniki ya mama na mtoto anasema nyonyesha. Redioni wanahimiza mazoezi. Shangazi naye anaonya simu isiwekwe kwenye sidiria. Kila mmoja anasema kwa uhakika uleule, na hapo ndipo mwanamke mwenye muda mdogo na hela ya kuhesabu anapopotea, maana njia hizi hazilingani nguvu hata kidogo.

Nimeziweka bega kwa bega ili mtu achague. Kila moja nimeitazama kwa mambo matatu: inapunguza hatari kwa kiasi gani, inamfaa mwanamke wa umri gani, na inamgharimu nini mfukoni, mwilini na nyumbani kwake.

Kwanza, namba mbili za kushika

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba katika nchi zilizoendelea sana mwanamke 1 kati ya 12 hugundulika na saratani ya matiti maishani mwake, na 1 kati ya 71 hufa kwa ugonjwa huo. Katika nchi zenye kiwango cha chini cha maendeleo, anayegundulika ni 1 kati ya 27, lakini anayekufa ni 1 kati ya 48. Tukizigeuza: kati ya wanawake 1,000 wa nchi maskini, kama 37 hugundulika na ugonjwa na kama 21 hufa nao. Kwenye nchi tajiri wanaogundulika ni kama 83, wanaokufa ni 14.

Shika hizo mbili, 37 na 21. Mtindo wa maisha unaigusa ile 37. Ile 21 ina njia yake nyingine, nitaifikia. Na ukisikia kitu fulani "kinapunguza hatari kwa asilimia 20", usidhani wanawake 20 kati ya 100 wameokoka. Asilimia 20 ya 37 ni saba. Wanawake saba katika kila elfu ni wengi, ni mama zetu na dada zetu, lakini si ule muujiza unaotangazwa kwenye vipaza sauti vya sokoni.

WHO inasema pia kwamba karibu nusu ya wanaopata saratani hii hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuwa na umri wa miaka 40 na kuendelea. Naomba msomaji alibebe hilo vizuri. Mama aliyenyonyesha, akatembea, asiguse pombe, kisha akaugua, hakuzembea popote. Asiulizwe alikula nini.

Kunyonyesha, na ule ushauri wa kuzaa mapema

Kati ya njia zote za asili, kunyonyesha ndiko kwenye ushahidi mzito zaidi, na bado ndiko kunakotajwa kidogo kuliko unga wa mlonge. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, zenye wanawake kama 50,000 waliougua saratani ya matiti na wengine kama 97,000 wasiougua. Kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha, ukijumlisha watoto wote, hatari ilishuka kwa asilimia 4.3. Kila uzazi wenyewe ulikuwa na punguzo lake la asilimia 7 pembeni.

Tupige hesabu. Mama wa watoto watatu, kila mmoja kanyonya miaka miwili, ana miaka sita ya kunyonyesha, na kwa hiyo peke yake hatari yake imeshuka kwa zaidi ya moja ya tano. Mama wa watoto wawili walionyonya miezi sita sita ana mwaka mmoja tu, na punguzo lake ni kama asilimia 4. Wote wawili wanasema "nilinyonyesha", lakini tofauti yao ni kubwa. Kinachohesabika ni jumla ya miezi.

Sababu iko ndani ya titi lenyewe. Wakati wa ujauzito na kunyonyesha, seli za kutengeneza maziwa hukomaa, na seli iliyokomaa huharibika kwa shida kuliko changa. Pia hedhi huchelewa kurudi, kwa hiyo mwili unapata miezi mingi ya homoni ya estrojeni kidogo. Estrojeni ndiyo inayozihimiza seli za titi zigawanyike, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa kutokea.

Gharama yake haiko kwenye fedha, iko kwenye muda, na anayeilipa zaidi ni mama aliyeajiriwa. Sheria ya Tanzania inampa siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kenya likizo ni miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Wengi hawajui kwamba haki hizo zipo, au wanaona aibu kuzidai. Kwa anayekamua: nawa mikono, kamulia kwenye chombo safi chenye mfuniko, andika saa. Kwenye friji maziwa hukaa hadi siku nne. Nje ya friji hukaa hadi saa nne kama joto halizidi nyuzi 25, na kwa joto la Dar au Mombasa mwezi Februari usisubiri zote hizo nne. Mama anayeishi na VVU afuate mpango wa kliniki yake wa dawa na kunyonyesha.

Kuzaa mapema ni habari nyingine, ingawa watu huzichanganya. Ni kweli kwamba mwanamke aliyepata mtoto wa kwanza akiwa na umri mdogo huwa na hatari ndogo baadaye, uzeeni. Lakini uchambuzi wa tafiti 15 uliochapishwa miaka ya karibuni ulionyesha kwamba baada ya kujifungua hatari hupanda kwanza, inafikia kilele kama miaka mitano baada ya uzazi, na huchukua zaidi ya miaka 20 kugeuka kuwa kinga. Kumhimiza binti wa miaka 18 azae ili kulinda matiti ni kumpa hasara za leo, za shule na za afya yake, kwa faida ya mbali na ndogo. Ushauri huo siukubali. Na ambaye hakujaaliwa mtoto, au maziwa yalikataa, aiache safu hii bila majuto. Zipo nyingine.

Pombe: kupunguza au kuacha kabisa

Uchambuzi mwingine mkubwa wa 2002 ulionyesha kwamba kila gramu 10 za kilevi kwa siku huongeza hatari ya saratani ya matiti kwa takriban asilimia 7. Gramu 10 ni kidogo mno. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu kama 20. Kwa hiyo mwanamke wa chupa moja kila jioni, ambaye hakuna hata mtu anayemwita mlevi, anaongeza hatari yake kwa kama asilimia 14. Kwenye ile 37 yetu, hao ni watano zaidi.

Anayekunywa chupa moja Jumamosi tu, akiigawanya kwa siku saba anapata chini ya gramu 3 kwa siku, na nyongeza yake ni kama asilimia 2. Kumbe kupunguza nako kunalipa. Anayeona kuacha ni mlima aanze na hilo.

Aina ya kinywaji haileti tofauti. Mvinyo mwekundu unaosifiwa kwa moyo, mbege, mnazi, gongo, bia ya kopo: ndani yake ni kilevi kilekile, na mwili hukigeuza kuwa asetaldihaidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli. Pombe pia hupandisha estrojeni. Januari 2023 WHO ilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya.

Ukinilazimisha nichague jambo moja tu kwa mwanamke anayekunywa, ningechagua hili kabla ya mazoezi na kabla ya lishe. Halina kununua kitu, halimsubiri mtoto wala ukomo wa hedhi, na linafanya kazi kwa umri wowote. Mwanamke ambaye hajawahi kuigusa, kwa dini au kwa malezi, ameshaishika tayari faida yote ya safu hii.

Uzito na mwendo

Hapa umri ni kila kitu. Kabla ya hedhi kukoma, unene hauonyeshi kuongeza saratani ya matiti. Tafiti hata zinaelekea upande wa pili. Baada ya kukoma, mambo yanageuka. Vifuko vya mayai vimepumzika, na estrojeni inayobaki mwilini inatengenezwa hasa na mafuta. Mafuta yakiwa mengi, titi linaendelea kuhimizwa miaka ambayo lilipaswa kutulia.

Kiwango chake ni kama asilimia 12 kwa kila alama 5 za BMI, yaani uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chukua mama wa urefu wa mita 1.60. Akiwa na kilo 64, BMI yake ni 25. Akifika kilo 77, ni 30. Kilo hizo 13 ndizo zile alama 5. Huwa haziji kwa kishindo. Zinaingia kidogo kidogo tangu harusini, huku kila anayemwona anasema ndoa imemkubali.

Je, anayezipunguza anapata faida, au maji yameshamwagika? Utafiti wa wauguzi wa Marekani, uliochapishwa 2006, uliwafuatilia zaidi ya wanawake 87,000 waliokoma hedhi. Walioongezeka kilo 25 au zaidi tangu wakiwa na miaka 18 walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 45 kuliko waliobaki na uzito wao. Na wale waliopungua kilo 10 au zaidi baada ya kukoma hedhi, wakakaa hapo bila kurudi, na ambao hawakuwahi kutumia dawa za homoni za ukomo wa hedhi, hatari yao ilikuwa chini ya nusu ya wenzao. Kwa hiyo mama wa miaka 55 hajachelewa. Ugumu ni kilo zisirudi, ndiyo maana kwa mwanamke wa miaka 30 naona ni rahisi zaidi kuzuia zisiingie kuliko kuja kupigana nazo baadaye.

Mwendo una faida yake mwenyewe hata kama mizani haishuki, maana unapunguza insulini na estrojeni kwenye damu. Faida inayoonekana kwenye tafiti nyingi ni kati ya asilimia 10 na 20, kwa walio bado na hedhi na kwa waliokoma. WHO inashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nusu saa, siku tano, imetosha.

Gym au kutembea? Kwa saratani ya matiti sioni sababu ya kumtoa mtu ada ya mwezi kama hapendi gym. Mwendo wa haraka unatosha, na anayetaka zaidi aongeze mlima au ngazi. Anayelima kwa jembe na kuchota maji ameshavuka dakika hizo kabla ya saa tano asubuhi, asiongezewe mzigo. Aliye hatarini ni yule anayetoka kitandani kwenda kwenye bodaboda, bodaboda hadi daladala, daladala hadi kiti cha ofisi. Huyo ashuke vituo viwili kabla ya kufika. Kikwazo cha kweli kwa wanawake wengi ni usalama: giza la alfajiri, mbwa, vijana wa kona. Kutembea watatu au wanne pamoja kunatatua sehemu kubwa, na kunamfanya yule mvivu atoke kwa sababu wenzake wanamgongea mlango.

Sahani na chupa

Huu ndio uwanja wenye fedha nyingi na ushahidi mdogo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tuanze na sahani. Lishe yenye nyuzinyuzi nyingi inaambatana na punguzo dogo, kama asilimia 8. Mbogamboga zinaonyesha faida zaidi kwa aina za saratani zisizotegemea estrojeni, na aina hizo zinaonekana kwa wingi zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika, mara nyingi wakiwa bado vijana. Kwetu lishe hiyo haihitaji duka maalumu. Ugali wa dona badala ya sembe. Makande au githeri yenye maharage mengi kuliko mahindi. Mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, sukuma wiki, zisipikwe hadi rangi ikafa. Choroko, kunde, mbaazi. Kilo ya dona haipungukiwi chochote na unga wowote wa chupa unaouzwa kwa jina la kinga ya saratani.

Soya inaogopwa bure. Watu wamesikia ina kitu kinachofanana na estrojeni, wakaitoa hata kwenye uji wa lishe. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa 2009, uliowafuatilia zaidi ya wanawake 5,000 waliokwisha kuugua saratani ya matiti, ulikuta kwamba waliokula zaidi vyakula vya soya walikuwa na vifo vichache na ugonjwa uliwarudia kwa uchache. Chakula cha soya ni salama. Vidonge vya soya vilivyokamuliwa ni kitu kingine, sivipendekezi.

Sukari "inalisha kansa"? Seli zote mwilini hula sukari, nzuri na mbaya. Sukari inaleta hatari kwa kupitia kilo, na tumeshaziongelea kilo.

Sasa chupa. Vidonge vya vitamini D na mafuta ya samaki vilipimwa ipasavyo Marekani kwenye utafiti wa VITAL, uliotoa majibu 2018: watu 25,871, nusu wakapewa dawa na nusu kidonge kitupu. Havikupunguza idadi ya waliopata saratani, ya matiti ikiwemo. Beta karotini, ile rangi ya karoti iliyowekwa kwenye kidonge, ilipopewa wavutaji wa sigara miaka ya 1990 iliongeza saratani ya mapafu. Karoti kwenye sahani haijawahi kufanya hivyo. Kwa mwanamke asiye na upungufu uliopimwa, hela ya vidonge hivi anunue matunda.

Halafu mitishamba yetu. Majani ya mstafeli, habasoda, manjano, mlonge, mwarobaini. Habari inayozunguka kuhusu mstafeli imeanzia kwenye maabara, ambako dondoo la mmea liliua seli za saratani ndani ya sahani ya kioo. Vitu vingi huua seli kwenye kioo, hata siki. Hatua ya kuwapa wanawake, kuwafuatilia miaka kadhaa na kuonyesha kwamba wamepungua wanaougua, haijafikiwa na hata mmoja katika hiyo mitano. Na mstafeli una tahadhari yake: mwaka 1999 watafiti walihusisha ulaji wa mara kwa mara wa tunda hilo na chai ya majani yake katika kisiwa cha Guadeloupe na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson. Kula stafeli msimu ukifika, hakuna neno. Kunywa chai ya majani kila asubuhi kwa miaka, mimi nisingeikubali mama yangu aifanye.

Manjano na tangawizi kwenye mchuzi ni chakula kizuri. Manjano ya vidonge, yenye nguvu mara nyingi zaidi ya kijiko cha jikoni, yamesababisha maradhi ya ini kwa baadhi ya watumiaji huko Ulaya na Marekani. Kitu kilekile, kipimo tofauti, matokeo tofauti.

Sisemi hivi kwa kudharau mimea. Paklitakseli, dawa inayotumika kila siku kwenye wodi za saratani ya matiti, ilitoka kwenye gome la mti wa Amerika ya Kaskazini. Ilichukua miaka mingi kujua ni kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinaua, na kiasi hicho ndicho ambacho chupa ya sokoni haina. Isome lebo: mara nyingi imeandikwa magonjwa kumi na tano inayoyatibu, kuanzia kisukari hadi nguvu za kiume, lakini haijaandikwa miligramu hata moja. Tunaokumbuka kikombe cha Loliondo mwaka 2011, ile dawa ya mti iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu, tunajua pia kilichowakuta walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa.

Sindano ya uzazi wa mpango na kalenda

Wapo wanaoacha sindano, vipandikizi au vidonge ili "kurudi kwenye njia ya asili" kwa kuogopa saratani. Hofu yao ina chembe ya ukweli. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2017, uliojumuisha wanawake milioni 1.8, ulionyesha hatari kupanda kwa asilimia 20 kwa wanaotumia njia za homoni. Ukiigeuza kuwa watu, ni kama mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila wanawake 7,690 wanaotumia kwa mwaka mmoja. Na vidonge hivyohivyo hupunguza saratani ya vifuko vya mayai na ya ukuta wa mji wa mimba.

Upande wa pili weka mimba isiyopangwa. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Kwa mwanamke kijana, kuacha njia anayoimudu na kuhamia kalenda asiyoiweza ni kubadilisha hatari ndogo kwa kubwa. Mwenye mama au dada aliyeugua saratani ya matiti azungumze na mhudumu kuhusu kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni kabisa.

Sidiria, simu na dawa za nywele

Sidiria, hata ya chuma, haileti saratani. Watafiti wa Seattle waliliangalia hilo na kulichapisha 2014, wakakuta hakuna uhusiano. Deodoranti vilevile haijathibitika kuleta. Simu na noti kwenye sidiria zinaleta jasho na vipele, na mwizi akiona ni hasara, lakini hakuna ushahidi wa saratani.

Dawa za nywele siziweki kundi hilo. Utafiti wa Marekani wa 2019 uliowafuatilia wanawake zaidi ya 46,000, wote wenye dada aliyeugua, ulikuta wanaotumia rangi ya kudumu, hasa wanawake weusi, na wanaotumia dawa ya kulainisha walikuwa na hatari ya juu kidogo hadi ya kati. Haitoshi kusema ndiyo sababu. Inatosha, kwa maoni yangu, mtu aliyekuwa anatia dawa kila baada ya wiki sita kuisogeza mbali, au kusuka nywele zake kama zilivyo.

Kwa hiyo, nani achague nini

Mwanamke wa miaka 20 na 30 anayezaa: miezi ya kunyonyesha ndiyo hazina yake, pamoja na kutozoea pombe. Wa miaka 40: pombe na mwendo, na aiangalie mizani kila mwezi kabla hedhi haijaanza kuyumba. Aliyekoma hedhi: kilo na mwendo kwanza, na dawa za homoni za ukomo wa hedhi asitumie bila kuongea na daktari kuhusu historia yake. Lishe ni ya wote, kwa sababu inalinda pia dhidi ya kisukari na presha, ambazo huweza kumkuta mapema kuliko saratani.

Mwenye mama, dada au binti aliyeugua, hasa akiwa chini ya miaka 50, au ukoo wenye saratani ya vifuko vya mayai, asiishie kwenye ukurasa huu. Anayerithi kasoro ya jeni (kinasaba) iitwayo BRCA1 ana hatari ya kama asilimia 70 kufikia umri wa miaka 80, na kutembea hakuwezi kuishusha namba hiyo hadi pa kulala usingizi. Aombe kuonana na daktari, na vipimo vyake vianze kama miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika. Wanaume nao wana titi: ni kati ya nusu na asilimia 1 ya wagonjwa wote, na hao huchelewa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Ile 21

Rudi kwenye namba ya pili. Wanawake wa nchi tajiri wanaugua zaidi ya mara mbili ya sisi, lakini wanakufa wachache kuliko sisi. Lishe yao haiwaokoi, wala kunyonyesha, maana kwa hayo sisi tunawazidi. Wanaokolewa kwa kufika wakati kivimbe bado kidogo, na kwa kumaliza matibabu. Lengo la WHO ni kwamba wagonjwa 60 kati ya 100 wagundulike hatua ya kwanza au ya pili, majibu kamili yapatikane ndani ya siku 60, na 80 kati ya 100 wamalize tiba.

Hapa napo kuna kuchagua. Kujipima mwenyewe kwa ratiba kulijaribiwa Shanghai kwa wanawake 266,000 na hakukupunguza vifo, ingawa kuyajua matiti yako yalivyo kwa kawaida bado ni jambo jema. Kupimwa kwa mikono na mhudumu aliyefundishwa kulijaribiwa Mumbai kwa miaka 20, na kwa wanawake wa miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30, bila mashine yoyote. Mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, ni nzuri kuliko vyote kwa mwenye umri wa kuanzia miaka 40 au 50 na uwezo wa kuifikia. Kwa walio wengi kwetu, mikono ya nesi kwenye zahanati ndiyo iliyo karibu. Ukienda kwa jambo lingine lolote, omba upimwe na matiti.

Kivimbe kisichouma, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani juzi juzi, damu kwenye chuchu, kidonda kisichopona, uvimbe wa kwapani: hayo yaende kituo cha afya wiki hiyohiyo. Vivimbe vingi huwa si saratani, na njia ya kujua ni kukatwa kipande kidogo cha kivimbe na kipimwe maabara. Ukipewa dawa ya maumivu au antibayotiki na kivimbe kikabaki palepale baada ya wiki mbili, dai rufaa. Majibu yakiwa ni saratani, uliza kama vipokea homoni na HER2, ambazo ni protini za kwenye seli za saratani, vimepimwa, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoamua dawa.

Na huko mitishamba isitangulie. Utafiti wa Marekani wa 2018 uliwalinganisha wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake na waliotibiwa hospitali. Kwa saratani ya matiti, waliochagua mbadala walikuwa na hatari ya kufa zaidi ya mara tano. Anayependa chai yake ya tangawizi aendelee kuinywa, na amtajie daktari kila unga na kila chupa anayotumia, kwa majina, kabla ya drip ya kwanza.